Dishi lipi lina picha kali? Maswali ninayoulizwa na wateja wa Arusha na Moshi

Nafunga madishi Arusha, na kila wiki nashuka Moshi siku mbili tatu. Kabla sijashusha ngazi kwenye gari, mwenye nyumba ameshauliza: "Fundi, hivi king'amuzi gani kina picha nzuri?" Majibu yangu ya kila siku nimeyaweka hapa. Siuzi kifurushi cha mtu, kwa hiyo sina wa kumpigia debe.

Sema wazi basi: kampuni ipi ina picha nzuri kuliko zote?

Ulinganishe chaneli, usilinganishe kampuni. Ndani ya king'amuzi kimoja utakuta chaneli ya mpira inayoonyesha mpaka jasho kwenye paji la kipa, ukibonyeza mbele mara mbili unakuta chaneli ya tamthilia kama imepigwa picha kupitia chandarua. Ni kampuni ile ile, dishi lile lile na waya ule ule.

Sababu ni nafasi. Kampuni hukodi nafasi kwenye setilaiti kwa fedha nyingi, kisha huzipakia chaneli humo baada ya kuzibana. Fikiria Hiace ya Ngaramtoni saa kumi na mbili jioni. Siti ni kumi na nne, abiria ni ishirini na ushee. Wote watafika, ila kuna aliyekaa vizuri dirishani na kuna aliyesimama shingo imepinda. Chaneli ya ligi hupewa siti ya dirishani kwa sababu ndiyo inayofanya watu walipie. Chaneli ya marudio ya filamu za zamani ndiyo inayopinda shingo.

Kwa hiyo mtu anayefuata Ligi Kuu ya nyumbani atatazama ubora wa chaneli za michezo za Azam, na anayefuata Ligi Kuu ya Uingereza atatazama SuperSport ndani ya DStv. Kumwambia wa kwanza ahamie kwa wa pili "kwa sababu ya picha" ni kumpotezea hela. Picha kali ya mechi usiyoitaka ina faida gani?

HD ni kitu gani hasa? Au ni jina la kuongezea bei?

Ni kitu cha kweli. Picha ya kawaida, ile inayoitwa SD, ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa kimo, yaani kama laki nne na kumi na tano elfu. HD kamili ina 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili. Hiyo ni mara tano. Ipo pia HD ndogo ya 1280 kwa 720, ambayo ni kama laki tisa na ishirini elfu, na kwa mpira si mbaya hata kidogo.

Kwenye TV ya chogo ya inchi 21 usingeona tofauti. Siku hizi mtu ana TV bapa ya inchi 55 sebuleni kwenye chumba cha mita tatu, halafu anaangalia chaneli ya SD. TV inalazimika kujaza yenyewe nukta ambazo hazikutumwa, na matokeo yake ni uso wa mtangazaji uliolainika kama umepakwa mafuta. Hapo king'amuzi hakina kosa. Ama usogeze kochi nyuma, ama uhamie chaneli ya HD.

Nimelipia HD miaka miwili na picha bado ina ukungu. Naibiwa?

Kabla hujahama kampuni, zunguka nyuma ya TV.

Mzee mmoja wa Soweto, Moshi, mwalimu mstaafu, aliniita nikamng'olee dishi zima. "Hawa wananiibia, kijana wangu. Wananilipisha HD halafu wananipa chenga." Nikamwamkia, nikanywa chai kama inavyopasa, kisha nikachungulia nyuma ya kabati. King'amuzi kilikuwa kimeunganishwa kwa ule waya wa rangi tatu, njano, nyeupe na nyekundu, uliobaki kutoka kwenye deki yake ya zamani. Nikamuuliza, "Mwalimu, boksi la king'amuzi lipo?" Lilikuwepo juu ya kabati, limefunikwa kitambaa cha kudarizi. Waya wa HDMI ulikuwa ndani, kwenye nailoni yake, haujawahi kufunguliwa. Alikuwa ameutunza usiharibike.

Waya wa rangi tatu hauwezi kupitisha HD. Haujalishi kifurushi ulicholipia wala bei ya king'amuzi, picha ikipita humo inashuka kuwa SD. Nikachomeka HDMI, nikaingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, sehemu ya picha, nikakuta imewekwa 576. Nikaiweka 1080. Mwalimu akasogea mbele kwenye kiti: "Kumbe huyu mtangazaji ana kovu!" Sikufungua dishi, na niliondoka na mkungu wa ndizi mshare.

Hatua ya pili ndiyo watu huisahau. Waya wa HDMI peke yake hautoshi kama king'amuzi chenyewe kimeagizwa kutoa 576. Angalia vyote viwili.

King'amuzi kinaonyesha mawimbi asilimia 95. Mbona picha haijawa kali?

Hapa ndipo wateja wengi hupotea, na mafundi wengine hula hela hapo hapo.

Zamani, kabla mitambo ya analojia haijazimwa huku kwetu mwaka 2013, mawimbi na picha vilikwenda pamoja. Ukizungusha antena kidogo chenga zinapungua, ukizungusha tena sauti inasafika. Mtoto alipanda juu ya bati, baba akapiga kelele dirishani, "Hapo hapo! Usiachie!" Akili zetu zimebaki kwenye bati hilo.

Dijitali haifanyi kazi hivyo. King'amuzi kinapokea tarakimu. Zikifika salama, kinaijenga picha ile ile iliyotumwa, iwe ubora wa mawimbi ni asilimia 65 au 95. Zikiharibika kupita kiasi, picha inakatika vijiboksi, inaganda, kisha unatokea ule ujumbe wa kukosa mawimbi. Hakuna katikati ya ukungu. Ukiona ukungu, chanzo chake si dishi. Ukiona vijiboksi na kuganda, chanzo ni dishi, waya, konekta au mvua.

Fundi akikuambia "nikupandishie signo picha iwe kali", mshukuru, mpe maji, mwambie utampigia.

Zile asilimia za ziada zina kazi nyingine: ni akiba ya siku ya mvua. Pia tazama mstari wa ubora, si wa nguvu. Nguvu inaweza kujaa hata dishi likiwa limeelekea setilaiti isiyo yako.

Mbona dishi la jirani linatazama juu kabisa na langu limeelekea Monduli?

Kwa sababu setilaiti ni tofauti. Zote ziko juu ya ikweta, kama kilomita 35,786 kutoka ardhini, lakini kila moja imeegeshwa kwenye longitudo yake. Ya DStv iko nyuzi 36 mashariki. Arusha yenyewe iko karibu nyuzi 36.7 na Moshi 37.3, kwa hiyo setilaiti hiyo iko karibu utosini kwetu. Inakaa pale jua linapokuwa saa sita na nusu mchana. Ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo sisi tunaiona upande wa magharibi, kwenye kimo cha jua la saa tisa alasiri. Arusha dishi lake linaelekea Monduli, Moshi linaelekea Boma Ng'ombe.

Usidanganywe na uso wa dishi. Haya madishi ya yai yametengenezwa kwa kupindishwa, yanapokea kutoka juu zaidi ya pale yanapoonekana kutazama. Ndiyo maana dishi la nyuzi 36 linaonekana limeegemea kidogo ingawa jicho lake liko utosini.

Na kwa wanaouliza: dishi moja la kawaida haliwezi kuhudumia zote mbili. Zimeachana nyuzi 29 angani.

Mlima Meru au Kilimanjaro unazuia mawimbi?

Hauzuii. Ukiwa mjini Arusha, Meru iko kaskazini, na kilele chake hakijapanda hata nyuzi 15 juu ya upeo wa macho. Kilimanjaro ukiitazama kutoka Moshi mjini iko chini zaidi ya hapo, pamoja na urefu wake wote wa mita 5,895, kwa kuwa iko mbali. Dishi linatazama nyuzi 55 na kuendelea juu ya upeo huo. Mlima haumo njiani.

Antena ya kawaida ndiyo inayoteswa na milima na vilima, maana yenyewe inatazama mnara ulioko ardhini. Ukiwa nyuma ya kilima na mnara uko mbele yake, hapo una haki ya kulalamika.

Na miti?

Miti ndiyo adui. Kule juu Kibosho, Uru na Marangu, nyumba imo ndani ya kihamba, migomba chini, migrevilia juu, parachichi pembeni ya choo. Dishi lilifungwa mwaka juzi mti ukiwa mchanga, leo tawi limeshafika. Majani makavu yanapitisha kidogo. Yakilowa yanakuwa kama ukuta. Mteja ananiambia, "Inakata kila ikinyesha, hata manyunyu," nami nauliza kwanza mti uko umbali gani.

Kwa dishi la Azam, lile la nyuzi 7 mashariki, chukua kipimo hiki: mti uliozidi dishi kwa mita 10 uwe mbali angalau mita 7 upande wa magharibi. Dishi la utosini, la DStv, linadai kitu kimoja tu, pasiwe na tawi juu yake. Kwenye kihamba kilichosongamana mara nyingi hilo la utosini ni rahisi kulipatia mahali. Lakini lipanguse, maana majani na kinyesi cha ndege hutua humo kuliko kwenye dishi lililosimama.

Ni king'amuzi kipi kinakata zaidi mvua ya masika?

Madishi haya yanatumia masafa ya gigahezi 10 hadi 12 na kitu, na mawimbi yake yana urefu wa kama sentimita mbili na nusu. Matone makubwa ya mvua huyameza na kuyatawanya. Kampuni zote za dishi zinakula mvua ile ile.

Tofauti zipo ndogo. Mawimbi yanayoshuka wima hupita kwenye mvua kwa njia fupi. Yanayokuja kwa nyuzi 55 husafiri humo kama sehemu moja ya tano zaidi. Kwa hesabu hiyo tu, dishi la utosini lina nafuu. Lakini nguvu inayorushwa na setilaiti, ukubwa wa dishi na mkono wa fundi vinaweza kuigeuza hesabu yote. Dishi la sentimita 90 lina eneo zaidi ya mara mbili ya lile la 60. Picha yake haiwi kali zaidi, ila siku ya mvua kubwa ya Aprili utaona kipindi cha pili chote wakati jirani anaangalia kioo cheusi.

Kuna na mvua isiyoonekana. Moshi jua linawaka, mbingu nyeupe, na chaneli zote zimeganda kwa wakati mmoja. Huenda inanyesha kule kampuni inakorushia kwenda angani. Usipande juu ya bati. Subiri.

Mwezi wa tatu na wa tisa, mchana, mawimbi yanapotea dakika kadhaa bila wingu. Ni nini?

Jua. Karibu na tarehe 21 Machi, na tena karibu na 22 Septemba, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti likitazamwa kutoka hapa kwetu, na kelele zake zinafunika mawimbi. Dishi la utosini hupatwa mchana mchana, la magharibi alasiri. Ni dakika chache, siku chache, kisha yanaisha yenyewe. Kuna mteja wa Njiro alibadilisha LNB mbili (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) kwa ajili ya jua.

Nikitaka kulinganisha mwenyewe nifanyeje?

Tafuta ving'amuzi viwili, hata kwa kuazima kwa shemeji aliyefungiwa dishi jirani. Tumia TV moja na tundu moja la HDMI, maana TV nyingi huhifadhi mipangilio ya rangi kwa kila tundu peke yake, na unaweza kulinganisha matundu ukidhani unalinganisha kampuni. Chagua chaneli inayopatikana pande zote mbili, kama TBC1 au ITV, kipindi kile kile. Halafu usitazame picha iliyotulia. Mtangazaji aliyekaa kwenye kiti ni mtihani mwepesi, kila mtu anafaulu.

Tazama nyasi kamera inapokimbiza mpira kutoka goli hadi goli. Chaneli iliyobanwa sana nyasi zake hugeuka uji wa kijani, kisha kamera ikisimama majani yanarudi baada ya nusu sekunde. Tazama wavu wa goli, kama mashimo yanaonekana au umekuwa shuka. Tazama maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari, kama herufi zina ukungu wa vijidudu pembeni. Na tazama tukio la usiku kwenye tamthilia, ukutani gizani, uone kama giza ni giza au ni viraka viraka vya kijivu. Giza ndilo huwaumbua wenye kubana.

Nyuso zikiwa nene na duara la katikati ya uwanja likiwa yai, hiyo si kampuni. Picha ya 4:3 imevutwa ijaze kioo. Rekebisha ukubwa wa picha kwenye rimoti.

Dukani picha ilikuwa inang'aa. Nyumbani imekuwaje?

Dukani ulionyeshwa video iliyowekwa kwenye flashi, maua na samaki wa rangi, haikutoka angani. Tena TV iliwekwa kwenye ule mtindo wa rangi kali na mwanga mpaka mwisho, ishinde taa za duka. Siku ukinunua, mwambie muuzaji achomeke king'amuzi na aweke taarifa ya habari. Akianza kutafuta visingizio, umeshajibiwa.

Nyumbani, punguza kile kipimo cha ukali wa picha badala ya kukipandisha. Hakiongezi hata nukta moja. Kinachora mstari mweupe kuzunguka vichwa vya watu.

TV yangu ni ya 4K. Nitapata picha ya 4K kwenye dishi?

Utapata kile kilichotumwa. Chaneli ya SD inabaki SD, imetandazwa tu kwenye nukta milioni nane. TV nzuri hutandaza vizuri kuliko TV ya bei ya chee, na kwa tofauti hiyo watu hukipa king'amuzi sifa au lawama isiyo yake.

Jirani anashangilia goli kabla yangu. Kampuni yake ina kasi?

Safari ya kwenda juu na kurudi ni robo ya sekunde tu, kwa kila mtu. Sekunde nyingine zinaliwa na mitambo inayobana picha kule studio na king'amuzi kinachoifungua huku, na kila kampuni ina yake. Mwenye redio mara nyingi atakushinda. Anayetazama kwa simu kupitia intaneti atakuja kushangilia wakati ninyi mmeshakaa. Haihusiani na ubora, ingawa kwa siku ya Simba na Yanga nakubali inauma.

Antena ina picha mbaya kuliko dishi?

Si lazima. StarTimes, kwa mfano, ina king'amuzi cha antena na cha dishi, na sheria ya Hiace iko pale pale, nafasi ngapi na chaneli ngapi. Ukiwa mjini na mnara unauona, antena inakupa kitu kimoja ambacho dishi halikupi: mvua haiisumbui.

Nina kibanda umiza. TV tatu kwa king'amuzi kimoja, picha itaharibika?

Ukigawa kwa kigawanyio cha HDMI chenye umeme wake, haiharibiki. Ukigawa kwa waya wa rangi tatu uliofungwa kwa selotepu, kama nilivyokuta Unga Limited, kila TV inapata mabaki. Waya wa HDMI ukizidi mita kumi huanza kuleta nukta nyeupe zinazometa au kioo kuzima na kuwaka, kwa hiyo panga king'amuzi kikae katikati. Kifurushi cha nyumbani ni cha nyumbani. Kampuni zina vifurushi vya biashara, kaulizie kabla hujaandika bango.

Kama ni projekta, soma boksi kwa macho mawili. Zile za bei rahisi huandikwa kwa herufi kubwa kwamba zinapokea 1080. Kupokea si kuonyesha. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, utakuta nukta zake zenyewe ni 800 kwa 480. Iwashe hapo hapo dukani, sogelea ukuta, tazama matokeo ya mechi kwenye kona ya juu. Kama tarakimu zina ngazi ngazi pembeni, mrudishie mwenyewe.